Nyumba ya Langoni: trasti au wakfu?

SWALI: Sheikh, mimi ni mjane wa Lamu. Nina wana wawili wa kiume na binti aliyepooza, naishi naye katika nyumba ya ghorofa niliyorithi kwa baba, mtaa wa Langoni. Nachelea nikifa kaka zake wataiuza. Jamaa yetu wakili asema wakfu (mali itolewayo kwa ajili ya Mungu, isiuzwe wala kurithiwa) ni kifungo; nifanye trasti ya familia (mali iwe mikononi mwa wadhamini kwa faida ya jamaa), nikitaka niibadili, nikitaka niivunje, na nikifa nyumba yote iwe ya binti. Yajuzu?

JAWABU: Mama yangu, hofu yako ni ya haki, na si wewe peke yako uliyeniuliza. Lakini alichokusifia wakili ndicho kinachoiharibu trasti hiyo. Mali unayoweza kuirudisha leo jioni hujaitoa. Ni yako mpaka roho itoke. Ikitoka, hiyo ni mirathi, na karatasi yako ni wasia kwa mrithi. Mtume (s.a.w.) amekataza wasia kwa mrithi, hausimami ila warithi wenzake waridhie, na hao ndio unaowaogopa.

Atakujibu kuwa sheria ya Kenya imezitambua trasti za familia tangu 2021. Sawa. Sheria hiyo inampa mtu chombo, haimhalalishii kupindua mafungu ya mirathi aliyoyaweka Mungu. Sheria ya Urithi yenyewe, Sura ya 160, imetuacha Waislamu na mirathi yetu.

Na hicho anachokiita kifungo ndiyo kinga ya binti yako. Sayyidna Umar alipoiweka wakfu ardhi yake ya Khaibar, haikuuzwa, haikutolewa zawadi, haikurithiwa. Kwetu Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ukiweka sharti la kuuvunja wakfu, wakfu wenyewe umebatilika. Abu Hanifa, imamu wa madhehebu ya Hanafi, ana kauli nyepesi zaidi, ila wanafunzi wake wakubwa wawili hawakumfuata.

Uhuru unao, lakini kabla ya kuutamka wakfu: nani akae, nani asimamie, baada ya binti iende wapi. Wala si lazima nyumba nzima. Weka wakfu chumba cha chini asichopandia ngazi, akae maisha yake, kisha kiwe cha maskini au msikiti; kilichobaki warithi wote watatu. Kumzidishia mtoto mwenye dharura hakuna ubaya. Fanya sasa ukiwa mzima, maana wakfu wa maradhi ya mauti hauvuki thuluthi ya mali bila idhini ya warithi.

Msimamizi asiwe kaka peke yake. Andika mbele ya kadhi, uandikishe kwa Tume ya Wakfu, na siku hiyo wanao wote wawepo, wasikie kwa kinywa chako.