Tumbo la Jumapili jioni

SWALI: Mwanangu ana miaka 15 na yuko kidato cha pili. Mtaalamu alikwisha kutueleza kwamba ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika usiotokana na upungufu wa akili. Tangu muhula uanze, kila Jumapili jioni hulalamika tumbo na usiku halali, ingawa hospitali haikuona ugonjwa. Baba yake anasema anatega shule. Nifanyeje? – Mama, Morogoro

JIBU: Mama, tumbo hilo linauma kweli. Hofu hukaza misuli na kuvuruga tumbo hata pale ambapo vipimo havionyeshi kitu, na kijana anayeitwa mtegaji hubeba mzigo wa pili, wa kutosadikiwa kwao. Mwulize, mkiwa mnachambua mchele au kuanua nguo, ni kipindi gani anachokihofia. Sitashangaa akitaja kusoma kwa zamu: anahesabu wenzake walio mbele yake, anakisia aya itakayomwangukia, anaikariri kimoyomoyo huku somo lenyewe likimpita, kisha mwalimu anaruka mtu mmoja na hesabu yote inaharibika.

Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, hivyo huenda shule ya msingi alisoma polepole lakini akafika; sekondari masomo yamegeuka Kiingereza, ambamo "though" na "tough" hufanana machoni na kuachana mdomoni.

Kuvuta pumzi taratibu na kuitoa kwa muda mrefu zaidi humtuliza mtu usiku, ila mimi nisingeanzia hapo, maana kinachomtisha kiko darasani. Mwone mwalimu wake, umwombe asimsomeshe kwa sauti bila taarifa, bali ampe aya yake siku moja kabla, na majibu yake ya historia au biolojia yasahihishwe kwa maana, si kwa tahajia. Kwa kuwa Baraza la Mitihani la Tanzania huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, mwulize mkuu wa shule mapema, ukiwa na barua ya mtaalamu, utaratibu wa kumwombea.

Akiacha kula, au akisema amechoka kuishi, usisubiri Jumatatu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Baba yake naye apewe kazi: Jumapili jioni, saa ileile tumbo linapoanza, akae na kijana amsomee kurasa mbili za daftari la jiografia.