Natafuta kazi ya kwanza: majibu kwa vijana waliomaliza kidato cha nne

Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba, matokeo mpaka Januari. Kipindi hiki maswali mengi ninayoletewa ni ya vijana wanaotafuta kibarua cha kwanza. Nina duka la steshenari Dar es Salaam na nimeshaajiri vijana wa umri huo, kwa hiyo nawajibu kama mwenye duka.

Shikamoo mama. Nina miaka 17, nakaa Mbagala. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili. Wasifu wangu una jina, shule na namba ya simu tu. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Matangazo yaache kwanza. Kazi za umri wako mara nyingi hazitangazwi. Mwenye duka la jumla akizidiwa na mzigo, au fundi akikosa saidia fundi, humwuliza jirani yake: "Huna kijana mwaminifu hapo?" Unachotakiwa ni jina lako liwe mdomoni mwa huyo jirani. Waambie watu kwamba unatafuta: kinyozi wako, muuza genge, wenzako wa kwaya au madrasa, kaka wa rafiki yako aliyeko Kariakoo.

Kisha nenda mwenyewe. Usiende asubuhi mtu anafungua duka, wala jioni anahesabu hela. Saa nane mchana, wateja wakipungua, atakusikiliza. Sema jina lako, unakokaa, umemaliza nini na unataka kazi gani. Ukisema "kazi yoyote tu", unaniachia mimi tena mzigo wa kufikiri utanifaa wapi. Na kama ukichaguliwa kidato cha tano utaondoka, nieleze mapema. Sitakukataa kwa hilo, ila nitaumia ukinikimbia kimyakimya Julai.

Kuhusu uzoefu, nikupe mfano. Alinijia binti ambaye hakuwahi kuajiriwa popote. Nikampa noti ya elfu kumi, nikamwambia mteja amenunua vitu vya 3,700, amrudishie chenji. Hakushika kikokotoo. Alinihesabia kiganjani: "Mia tatu, hii elfu nne. Elfu moja, hii elfu tano. Elfu tano, hii elfu kumi." Nikamwuliza kajifunzia wapi, akasema anauza maandazi ya mama yake tangu darasa la tano. Kwenye karatasi yake hakuandika hata neno moja la maandazi! Wewe andika. Kama umetunza hela za michango ya darasa, umesaidia duka la mjomba au umefundisha wadogo hesabu, liandike kwa sentensi moja: ulifanya nini, kwa muda gani. Nusu ukurasa inatosha.

Nimepata duka linalonitaka, lakini mwenyewe anadai mdhamini. Mama yangu anauza vitumbua, hatuna ndugu mwenye cheo. Nina miaka 16.

Hili linawavunja moyo wengi, na naomba lisikuvunje. Anayekuachia droo ya pesa anataka kujua jambo moja: likitokea la kutokea, nani atanionyesha kwenu? Hahitaji mtu mwenye cheo, anahitaji mtu anayekujua na asiyehamahama. Mwalimu wako wa darasa anafaa. Ustadhi au mzee wa kanisa anafaa. Hata huyo anayemuuzia mama yako mchele na mafuta kila siku anafaa sana, maana anajua kama mama akikopa hulipa. Nenda pia ofisi ya serikali ya mtaa ukaombe barua ya utambulisho. Kitambulisho cha taifa hutolewa kuanzia miaka 18, hivyo kwa sasa barua hiyo na cheti cha kuzaliwa ndivyo vitakavyokusemea.

Ila mwulizeni mwajiri, wewe na mama, anachodhaminiwa ni nini hasa. Kumtambulisha mtu ni jambo moja, kukubali kulipa kila kitakachopotea dukani ni jingine. Karatasi ya namna hiyo mama asiisaini hajaisoma yote.

Nimepigiwa simu kwamba nimepata kazi kiwandani, nitume 30,000 ya fomu na sare.

Usitume. Mwajiri wa kweli anakulipa wewe.

Nina miaka 15. Kuna mgahawa unataka nianze saa kumi jioni hadi saa sita usiku.

Hapana, mwanangu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu mtoto kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini si zaidi ya saa 6 kwa siku, na si usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Machimboni na kwenye kazi za hatari hairuhusiwi kabisa kabla ya miaka 18. Mwulize kama ana zamu ya mchana. Akikasirika kwa sababu umeuliza, ondoka, na nyumbani wajue ulikwenda wapi.

Nimefanya kazi wiki tatu. Bosi anasema bado najifunza, hela baadaye.

Kujifunza siku mbili tatu sawa. Kwa wiki tatu, kama unafungua duka, unauza na kufagia, hiyo ni kazi, na mtoto anayefanya kazi naye ana haki ya ujira kisheria. Ungekubaliana naye kiasi na siku ya malipo kabla ya kuanza, lakini hujachelewa. Andika kwenye daftari tarehe zote ulizokwenda na saa ulizoingia na kutoka. Kisha nenda na mzazi au mlezi, mchana, mkaongee kwa upole: "Bosi, kuanzia tarehe ngapi, na ni shilingi ngapi?" Asipotaja vyote viwili, usirudi kesho yake. Chukueni daftari hilo mwende nalo kwa afisa kazi.