Kabla hujapokea jezi za bia: kwa makatibu wapya wa timu za vijana Tanga

Ndugu zangu mliochaguliwa msimu huu, hongereni. Mwezi haujaisha mtakuwa mmeshaona kwamba kazi ya katibu ni nauli, maji na posho ya waamuzi. Mfuko ukikauka ndipo anapotokea mtu wa bia na jezi 20 mkononi.

Mimi nilizipokea. Nilikuwa katibu wa timu ya watoto Ngamiani, na jina la bia lilijaa kifua kizima. Nilidhani zitavaliwa kwenye mechi tu. Lakini jezi ya mtoto wa kwetu haikai kabatini: anakwenda nayo dukani, anashushia samaki Deep Sea, analala nayo. Siku moja ustadhi akaniita barazani kwake. Kijana wetu wa miaka 13 alikuwa amekaa mkekani, juzuu mapajani, bia kifuani. Ustadhi hakufoka. Aliniuliza tu, "Katibu, hii uliisoma kabla ya kumvisha?"

Sikuwa na jibu. Ndipo nikaanza kufuatilia wenzetu wanafanyaje. Ufaransa walipiga marufuku udhamini wa pombe michezoni kwa sheria ya 1991. Kombe la Dunia la 1998 likachezwa kwao bila mabango ya Budweiser uwanjani, ingawa bia hiyo ilikuwa mdhamini rasmi, na kombe la raga lililobeba jina la bia ya Heineken huko likaitwa H Cup. Ireland, kwa sheria yao ya 2018, wamegusa palepale nilipochomwa mimi: nguo za watoto zenye nembo ya pombe haziruhusiwi, na tangu Novemba 2021 tangazo la pombe halikai kwenye eneo la kuchezea.

Kampuni nazo hazilali. Mwaka 2022, kwenye raga kule Dublin, bia ya Guinness ilirudi uwanjani kama Guinness 0.0, ile isiyo na kilevi, jina lilelile. Kwa hiyo mkiletewa mkataba wa "kinywaji kisicho na kilevi", tazameni nembo kwanza.

Mtaambiwa, mbona Taifa Stars imedhaminiwa na bia ya Kilimanjaro, kisha ya Serengeti? Kweli, lakini wale ni watu wazima. Mtoto ambaye muuzaji haruhusiwi kumuuzia chupa, sisi tunamtumaje kuitangaza mtaa mzima, tena bure? Hapo mimi sina maelewano.

Na fedha yenyewe si ya kujengea nyumba. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilikuwa kila duka, na Machi 1, 2017 vikapigwa marufuku. Serikali ikiamua, haisubiri msimu wenu uishe.

Sisi tuliacha kutafuta mdhamini mmoja mkubwa. Muuza nyavu akachukua soksi, mwenye daladala akatubeba mechi za ugenini, mama wa mgahawa akatoa maji. Ni kuzunguka sana, na wapo watakaowaambia mrudi kesho mara nne; rudini. Kila ahadi iandikwe, hata ya katoni mbili za maji, na mzazi mmoja asiye kwenye kamati asome kabla hamjasaini. Timu yenye watoto, andikeni kwenye katiba yenu kwamba pombe haivaliwi, ili katibu ajaye asije akabanwa na shida peke yake kama mimi.

Zile jezi tulizikusanya nyumba kwa nyumba. Zilitoka 20, zikarudi 17.