Barua kwa mwanangu: ualimu wa Jumamosi

Mwanangu Wandera,

Umeniuliza kama kozi ya ukufunzi ya Jumamosi na likizo, ya miaka miwili, inaweza kumfanya mtu mwalimu kamili, au ufunge karakana ya Katwe usome muda wote. Umesema chuo cha ufundi kimekupa darasa la jioni la kuchomelea, watu wazima watupu, wengine umri wa marehemu baba yako, na mkuu wa chuo anataka uwe na karatasi ya ualimu juu ya ile yako ya ufundi ya DIT.

Sawa. Lakini hao watu wako wa jioni, umeshawauliza wanatafuta nini? Mtu mzima haji darasani mikono mitupu. Umenisikia nikisema hivyo tangu ulipokuwa unasinzia kwenye benchi la nyuma la darasa langu pale Walukuba, Jinja, na nitalisema tena kabla sijamaliza barua hii.

Unajua nilivyoingia FAL. Serikali ilianza mpango ule wa kisomo cha watu wazima mwaka 1992 kwa wilaya chache, jirani zetu wa Iganga na Kamuli wakiwemo, na sisi Jinja ukatufikia baadaye. Tulikuwa wa kujitolea, mshahara hakuna. Mafunzo yetu yalikuwa ya siku chache, ukarudi nyumbani na chaki, kitabu cha mwongozo na rejista. Hata hivyo tulifunzwa jambo moja ambalo nalishika mpaka leo: usianze na herufi. Weka picha mbele yao, tuseme watu wanachota maji kisimani na ng'ombe wanakunywa hapo hapo. Waache waseme, wabishane, wakosoane. Kisha katika maneno yao wenyewe chukua moja, liandike ubaoni, likate silabi, na silabi zile wajengee maneno mengine. Kitabu kilikuwa cha Luganda, ila darasa lilikuwa na Wasoga, Wasamia, Wajaluo na Wanubi, kwa hiyo ubishi wote ulikwenda kwa Kiswahili chetu cha Walukuba. UPE, ile elimu ya msingi ya bure, ilipoanza 1997 wanafunzi wakaongezeka, maana mtoto alikuwa analeta barua ya shule nyumbani na mama hawezi kuisoma.

Sasa, Jaja, yule bibi wa Masese. Ulikula mukene wake, wale dagaa, miaka yote ile. Jaja alikuja kwangu kwa sababu ya mizani. Wachuuzi wa Kampala walikuwa wanatundika gunia lake, wanasoma wao, wanaandika wao, wanamlipa wanavyotaka. Hakuwa na haja na hadithi za kitabuni. Alitaka kujua ule mshale unasema nini. Tarakimu alizishika upesi, kwa sababu hesabu alikuwa nayo kichwani zamani, kilichokosekana ni alama zake tu. Halafu akaniuliza: "Mwalimu, na hivi vistari vidogo katikati ya namba?" Kitabu hakikuwa na vistari vidogo. Nikachora uso wa mizani ubaoni, mduara mzima, na jioni ile darasa lote likasoma vistari mpaka giza likaingia. Wandera, hiyo ndiyo jioni ninayoipenda kuliko zote katika ualimu wangu.

Kisha akaja yule bwana wa ukaguzi. Kijana, shati limepigwa pasi, diploma ya kusoma muda wote, tena alitutajia mwenyewe. Akamwita Jaja ubaoni aandike jina lake. Jaja akaandika polepole, herufi moja ikageuka nyuma. Yule bwana akamnyang'anya chaki mkononi, akasema, "Mama, hii hata watoto wa P.1 wanaijua." Hakuna aliyecheka. Jaja akarudi kwenye benchi, akafunga leso yake upya, akachukua kikapu, akatoka. Darasani hakurudi tena. Nilimfuata Masese, akanikaribisha vizuri, akanipa chai, akasema, "Mwalimu, mimi nina wajukuu." Hakuongeza neno.

Hadi leo nikikumbuka ile chaki inavyonyakuliwa, moyo unaniwaka.

Kwa hiyo ukiniuliza muda wote au Jumamosi, wa kwanza kunijia ni yule bwana, na nasema: tazama basi muda wote ulichomfanyia! Lakini najua hiyo si haki. Mwenzangu wa darasa la Mpumudde alisoma muda wote Kyambogo, na alikuwa anawasalimu wanafunzi wake mmoja mmoja mlangoni kabla hajashika chaki. Na mjomba wako je? Makerere walipoanzisha digrii za kusomea nje ya chuo mwaka 1991, za biashara na za elimu, alikuwa miongoni mwa walioingia baadaye. Alisoma kwa vitabu nyumbani, akaenda Kampala kwa vipindi vya ana kwa ana, huku anafundisha. Alichosomeshwa likizo alikijaribu muhula ukifunguliwa, kikikataa alirudi nacho kuuliza. Hiyo faida aliyekaa chuoni muda wote haipati kirahisi. Ila mjomba wako alichoka, na mke wake alichoka zaidi, hilo nalo usilisahau. Wewe una Nekesa na mtoto mchanga.

Na usidharau karatasi, hata kama mimi nimeishi bila hiyo. Sera ya walimu ya 2019 inataka mwalimu wa shule awe na digrii, na upande wenu wa ufundi upepo ni huo huo. Chuo cha Abilonino kule Kole kinafunza wakufunzi wa ufundi kwa sababu fundi hodari anaweza kusimama mbele ya watu na asijue aanzie wapi. Nimewaona wa namna hiyo. Kuandaa somo, kupanga hatua, kupima kama mtu ameelewa, hivyo hujifunzi kwa kuchomelea mageti.

Mtu mzima haji darasani mikono mitupu. Yule mzee wako wa jioni pengine amekunja chuma kwa mkono miaka mingi, anachotaka kwako ni kusoma mchoro tu. Macho yake hayaoni vizuri saa moja jioni. Mvua ya Machi ikianza, nusu yao watakwenda kupanda mashambani, na rejista itakuwa tupu bila wao kuwa wavivu. Kozi yoyote isiyokufunza hayo, ya Jumamosi au ya kila siku, ni ya kufundisha watoto.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Ulimi unaniwasha, lakini karakana ni yako na nyumba ni yako, sitasema. Nenda kawaulize jambo hili: mazoezi ya kufundisha yatafanyika wapi? Kama mkufunzi atakuja jioni kukaa nyuma ya darasa lako mwenyewe, na hao wazee wako, akuone unavyofundisha, hiyo niandikie haraka. Kama watakupeleka shule ya msingi kufundisha P.4 wiki chache ili wakutilie alama, niandikie pia, tutaongea.

Ada ya muhula wa kwanza usikope kwa wale watu wa riba wa Katwe. Nipigie kwanza.

Mama yako