Punda wangu amenuna au anaumwa?

Swali: Punda wangu dume hubeba mchanga na matofali kutoka gatini hadi Langoni. Tangu jana asubuhi amesimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea pembeni, pumba hazili sana. Wenzangu wanasema amenuna kwa vile mwenzake ameuzwa. Mmoja ataka kumchoma chuma mbavuni. Nitajuaje ni huzuni au ugonjwa? (Mchukuzi, Lamu)

Jibu: Ndugu yangu, usingoje ajigaragaze. Farasi akiumwa na tumbo hujibwaga chini na kutoka jasho. Punda utumbo waweza kuziba kabisa naye kasimama kama anapumzika. Hasira ya punda ina mlengwa: masikio hulala nyuma shingoni, mguu huinuliwa, ukiondoka yamekwisha. Masikio kulegea kutwa nzima si kununa.

Hiyo "hazili sana" hainitoshi. Punda mwenye maumivu hutia mdomo ndooni akatafuna, na pumba zisipungue. Tia alama kwenye ndoo, urudi baada ya saa moja. Mpumzishe kivulini, umpime joto kwa nyuma, ncha ya kipimajoto iguse ukuta wa utumbo, isichomekwe kwenye mavi. Mzima huwa nyuzi 36.5 hadi 37.8. Watu huona 38.5, ambayo kwa ng'ombe ni sawa, wakasema hana neno, kumbe ni homa. Mapigo, chini ya taya: 36 hadi 52 kwa dakika. Mavi nayo yakikosekana, au yakiwa makavu yamefunikwa ute, shuku kuziba. Kwa punda wanaojilisha jalalani pale mjini, mimi huanza kwa kushuku plastiki.

Huzuni ipo, sikatai. Punda hushikamana na mwenzake, na akitengwa huweza kuacha kula. Ila akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini hujaa kwenye damu na kuharibu ini, hasa akiwa mnene, na wengi hufa. Kwa hiyo iwe huzuni, iwe tumbo, daktari wa mifugo aitwe leo.

Kuhusu chuma, nimechoka kukisikia. Punda aliyechomwa huruka kwa uchungu wa moto, mchomaji akadai ameamka. Tumbo liko vilevile, na sasa ana kidonda pale pale shogi, mfuko wa mizigo, inapokaa. Wenye chupa za mafuta na soda hawana nafuu: ukimwinua kichwa na kummiminia kwa nguvu, kinywaji huingia mapafuni, na daktari akifika anakuta magonjwa mawili.