Maswali ya wasomaji: Monaco si ya kukopea

Wiki hii ni Monaco tupu, ile nchi ndogo kando ya Ufaransa. Tangu wasanii na wachezaji waanze kutupia picha za ile bandari yenye maboti meupe, ujumbe haukatiki. Nimechagua michache, mingine nimeifuta kuwahifadhi waliouliza.

Shikamoo mama. Viza ya Monaco inatolewa ubalozi gani? (Mwanza)

Marahaba. Wa Ufaransa. Hakuna "viza ya Monaco" ya utalii wa siku chache. Ukiwa na ya Schengen, ile moja inayokubalika nchi nyingi za Ulaya, unaingia, na mpakani hutaona hata kizuizi. Nimeshalijibu swali hili hadi nimechoka, na bado kuna watu wanawalipa mawakala wawatafutie kitu ambacho hakipo. Na tukiwa hapo hapo: acheni kuazima pesa za kujaza akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Ofisa anasoma mzunguko wa miezi kadhaa, haangalii salio la jana tu. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na ukinyimwa hairudi.

Kuna ndege ya moja kwa moja hadi Monaco? (Nakuru)

Nchi nzima ina kilomita za mraba 2 na ushee. Uwanja wauweke wapi? Unatua Nice, Ufaransa.

Tunakwenda fungate ya siku tatu. Mwenzangu anataka tulale Monte-Carlo, ndani ya Monaco penyewe, mimi naona tutaumia. Tufanyeje? (Tabata, Dar es Salaam)

Laleni Nice. Treni hadi Monaco ni kama dakika 25, inapita ukingoni mwa bahari, na nauli yake ni euro chache. Kuna basi pia, la bei nafuu zaidi, ila kiangazi linajaa mno. Kule juu kuna mji wa Beausoleil, ambao ni Ufaransa ingawa ukivuka barabara tu uko Monaco. Malazi yake nayo ni nafuu kidogo.

Mengi ya kuona hamlipii. Walinzi wa kasri hubadilishana zamu kila siku saa sita kasoro dakika tano mchana, na hakuna kiingilio. Ufukwe wa Larvotto uko wazi kwa wote. Mji umejengwa mlimani, kwa hiyo kuna lifti za umma za bure zinazowaokoa miguu. Njaa ikiuma, nendeni soko la La Condamine mkale socca, chapati ya unga wa dengu, au barbagiuan, ambayo ni kama sambusa iliyojazwa mboga za majani na jibini. Mkikaa kwenye ule mkahawa unaotazamana na kasino, hapo mtalipia kiti kuliko kahawa.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukuniuliza: hizo pesa ni zenu? Maana fungate za siku hizi zinatoka kwenye mikopo ya kausha damu, wanandoa wanarudi na picha mia mbili na rejesho la kila wiki. Kama ni mkopo, Lushoto kuna baridi nzuri tu.

Kasino wanaruhusu watalii? Nina bahati sana na kamari. (Kisumu)

Wanaruhusu: pasipoti, umri kuanzia miaka 18, kiingilio, na kaptura na ndala uziache hotelini. Kuhusu bahati yako, sikiliza. Katikati ya karne ya 19 Monaco ilikuwa hoi kifedha, tena ilikuwa imepoteza Menton na Roquebrune, sehemu kubwa ya ardhi yake. Mwaka 1863 ikafungua kasino pale kilimani. Pesa zikamiminika kiasi kwamba kufikia 1869 mtawala Charles III akafuta kodi ya mapato. Unadhani zilitoka mifukoni mwa waliokuwa na bahati? Na raia wa Monaco wenyewe wamekatazwa kucheza humo. Lingalia jengo, ni zuri kweli, kisha toka.

Nikifika kwa viza ya utalii naweza kupata kazi hotelini? (Bujumbura)

Hapana. Viza hiyo hairuhusu kazi. Isitoshe, sheria ya Monaco inawapa kipaumbele raia wake, kisha wakazi, kisha watu wa miji jirani. Kila asubuhi maelfu huingia kwa treni kutoka Ufaransa na Italia kwenda kazini. Anayekuahidi nafasi huko kwa kutanguliza malipo ni mwizi, hata kama mnasali pamoja.

Mwezi gani unafaa? (Arusha)

Epuka wiki ya mashindano ya magari, yaliyokuwa mwisho wa Mei na kuanzia 2026 yamehamia Juni. Hata Nice bei zinapaa. Mimi ningekwenda Julai, kwenye riadha ya Herculis, uwanja wa Louis II. Hapo ndipo Joshua Cheptegei wa Uganda alipoweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 mwaka 2020, dakika 12:35.36. Mwaka 2023 Faith Kipyegon naye akakimbia maili kwa 4:07.64. Nashangaa watu wetu wanafunga safari kwenda kupiga picha na magari ya wenyewe, na uwanja huo wanaupita bila hata kugeuza shingo.

Naweza kutembea mjini na nguo za kuogelea? (Mombasa)

Marufuku. Utapigwa faini.

Wenye maboti wanakubali mtu apande apige picha? (Kigali)

Hapana. Piga ukiwa gatini.