Usiseme ni mtindo wa lenzi

Wadogo zangu wa renjifainda, yaani kamera za kulenga kwa kuunganisha picha mbili ndani ya kitazamio, Jumamosi iliyopita pale soko la samaki Feri nilitembea nyuma yenu kwa muda wa saa mbili hivi, nikitazama mikono yenu kuliko nilivyotazama samaki. Mmoja ana Leica M10, mwingine Leica M6 ya kurithi kwa mjomba, na kila kamera imebeba lenzi ya ajabu: Jupiter-8 na Industar za zamani za Kisovieti, hadi lenzi ya plastiki iliyong'olewa kwenye kamera ya kutupa. Nilifurahi kweli. Lenzi hizi nazipenda, zinachora mwanga kwa namna ambayo lenzi mpya ya bei ya kiwanja haitaki kuchora. Kisha tukakaa kwenye chai, mkanionyesha picha. Nusu hazikushika fokasi, na kila nilipouliza nilijibiwa jibu lilelile: "Kaka, huo ndio mtindo wa lenzi."

Jibu hilo nalijua. Nimewahi kulitoa mimi, tena kwa mtu ambaye sikustahili kumpa.

1. Anzeni na adapta, ile pete inayounganisha lenzi na kamera. Mdomo wa Leica M, pale lenzi inapofungwa, uko milimita 27.8 kutoka kwenye filamu, na lenzi za skrubu ya milimita 39, kama hizi zenu za Kisovieti, zilipangiwa milimita 28.8. Kwa hiyo adapta iwe na unene wa milimita moja, si karibu na moja. Tena iwe inaita mistari sahihi ya fremu ndani ya kitazamio. Yule aliyekuwa na lenzi ya 50 huku kitazamio kinamwonyesha fremu ya 35, iliyo pana zaidi: ndugu yangu, ndiyo maana wachuuzi wako wote wamekatwa vichwa.

2. Pimeni lenzi kwa umbali wa mita moja, apecha (tundu la kupitisha mwanga) ikiwa wazi kabisa, kabla hamjampiga mtu yeyote. Hapa nitakaa kidogo.

Miaka mingi nyuma nilinunua Jupiter-3, 50 mm yenye apecha ya f/1.5, namba yake imeanza na 61, yaani imetengenezwa 1961. Skrubu zake tatu ndogo zilikuwa zimechubuka vichwa. Niliziona. Mtu alishaifungua na bisibisi isiyozitosha, akairudisha anavyojua yeye. Nikajiambia kitu cha zamani hakikosi makovu. Nikaijaribu siku moja tu, ufukweni, nikapiga meli zilizotia nanga. Meli zikatoka safi, nikaridhika.

Wiki hiyohiyo binti wa jirani yetu anaolewa. Mama yake alikuja mwenyewe nyumbani: "Mwanangu, wapiga picha wa ukumbini wapo, lakini nataka wewe umpige binti yangu chumbani kabla hajatoka." Nikaenda na M6, mikanda mitatu ya nyeusi na nyeupe ya ISO 400, na ile Jupiter. Lenzi yangu ya kawaida niliiacha nyumbani, kwa sababu nilitaka picha zisizofanana na za mtu mwingine.

Chumba kilikuwa na dirisha moja lenye pazia la lesi. Yule binti ameketi ukingoni mwa kitanda, hina mpaka kwenye kiwiko, asumini nyuma ya sikio. Mwanga kidogo, kwa hiyo f/1.5, 1/60, mita moja na kitu. Nikahakikisha picha mbili za kitazamio zimeungana juu ya kope zake, kila fremu, kwa utulivu. Mikono haikutetemeka. Nilitoka mle nikiwa na uhakika kwamba nimefanya kazi bora kuliko zote za maisha yangu.

Jumapili usiku binti akapanda ndege na mumewe kwenda Muscat. Jumatatu nikasafisha mikanda. Ilipokauka nikaiweka juu ya kioo chenye taa, nikainamia na lupu. Fremu ya kwanza: ua la asumini linahesabika petali, nakshi ya hereni inasomeka, macho yamefunikwa na ukungu. Ya pili hivyohivyo. Ya ishirini hivyohivyo. Mikanda yote mitatu, fokasi imelala sikioni.

Nikachapisha ile iliyokuwa na afadhali, nikampelekea mama. Akaishika mbali, akaisogeza karibu. "Mwanangu, mbona macho yake yana ukungu?" Nikamwambia: "Mama, huo ndio mtindo wa lenzi hii." Aliniamini. Picha ipo ukutani kwake mpaka leo, na mgeni akiuliza humweleza kwa fahari kwamba lenzi za Kirusi ndivyo zilivyo. Nikienda pale hukaa kiti kilichoipa mgongo. Sijamwambia.

Sababu yenyewe nilikuja kuijua baadaye. Jupiter-3 na Jupiter-8 ni uzao wa Sonnar, lenzi iliyochorwa na Ludwig Bertele wa Zeiss miaka ya 1930, na zilifuata hesabu ya Contax, kamera ya Zeiss, ambapo "50" ni kama milimita 52.4. Kigurudumu kilichomo ndani ya mdomo wa Leica, kinachoiambia renjifainda lenzi imesogea kiasi gani, kinasubiri 51.6. Mbali kabisa hesabu mbili hizi zinakubaliana, ndiyo maana meli zangu zilitoka safi. Kwa mita moja lenzi huangukia kama sentimita tatu nyuma ya pale ulipolenga, na kwa f/1.5 sentimita tatu ni nyingi kuliko unachosamehewa. Ongeza aliyeiunganisha vibaya, unafika sikioni.

Dawa ni shimu, kipande chembamba cha kujazia, ya kama 0.1 mm kati ya kichwa cha lenzi na pipa la fokasi. Si kwenye adapta, huko hakusaidii kitu, maana pete inayosukuma kigurudumu nayo inasogea. Bati la kopo la soda lina unene wa karibu hapohapo. Ukishaiweka, vitu vya karibu vinashika hata apecha ikiwa wazi. Kwa vitu vya mbali funga apecha mpaka f/5.6 au f/8. Mkiijua hivyo, macho laini yatakuwa yale mliyoyataka wenyewe.

3. Jupiter-12 ina kioo cha nyuma kilichochomoza kama kitovu. Ivisheni taratibu, na kwenye M6 msiiamini mita ya mwanga: inasoma doa jeupe kwenye pazia la shata, na kile kioo kinakaa mbele yake. Kwenye M5 na CL, zenye mkono wa mita unaosimama nyuma ya lenzi, msithubutu.

4. Lenzi ya plastiki haiongei na renjifainda, kwa hiyo kadirieni umbali kwa hatua. Juzi mmoja wenu alikuwa anahangaika kuunganisha picha mbili wakati lenzi haina hata cha kuzungusha. Nilimwacha dakika tano nione kama atagundua. Hakugundua, lakini kijana ana jicho: ile picha ya mbeba barafu dhidi ya jua, pembe zote zimezama gizani, natamani ingekuwa yangu.

5. Kuvu. Unyevu na joto la pwani haviioni huruma lenzi ya mwaka 1961. Boksi lenye mfuniko mkali na vifuko vya kunyonya unyevu, basi.

Jumamosi ijayo njooni saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kila mtu aje na rula ya shule ya sentimita 30 na stendi. Tutailaza rula kwa mteremko pale mezani kwa mama wa chai, tupime lenzi moja baada ya nyingine. Mkasi, bisibisi inayotosha na kopo la soda vipo kwangu. Mwenye Jupiter-3 awe wa kwanza.